Mafuta ya kupaka mkanda wa ngozi wa kunolea wembe

Mkanda mkavu unatibika kwa dakika chache. Uliolowa mafuta unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi hali yake, na mwingine haurudi tena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upake nini, hakikisha kwamba mkanda wenyewe unahitaji kupakwa.

Shika wembe wa kukunja, laza ubapa wake kwenye ngozi, uvute kwa kutanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Mkanda ulio sawa huushika wembe kidogo, na mkono wako unausikia mshiko huo mwendo mzima. Wembe ukiteleza kama uko juu ya kioo, uso wa ngozi umepauka, na ukiinamisha mkanda kidogo unaona mistari midogo kama nyufa, hapo kuna ukavu. Ukibaki na shaka, dondosha tone moja la maji pembeni kabisa, mahali ambapo wembe haupiti. Likizama papo hapo, ngozi ina kiu. Likikaa juu kama shanga, lifute uache mkanda ulivyo. Kipimo hiki hakifai kwa ngozi iliyosindikwa kwa nta au mafuta mengi kiwandani. Hiyo itakataa maji siku zote, na mara nyingi haihitaji kitu kingine zaidi ya kiganja.

Kiganja ndicho cha kwanza kujaribiwa. Osha mikono kwa sabuni, kausha vizuri, kisha sugua mkanda kwa kiganja kitupu kwenda na kurudi mara 10 hadi 20, mpaka usikie joto. Jasho kidogo la kiganja, pamoja na joto la msuguano, hulainisha uso na kuondoa vumbi. Ukifanya hivyo kila unapotaka kunoa, huenda usihitaji kopo lolote kwa mwaka mzima. Ila usiwe umetoka kujipaka losheni: manukato na nta zilizomo hubaki juu ya ngozi na kunata.

Kiganja kisipotosha, nenda kwenye povu la sabuni ya kunyolea, ile ngumu inayokorogwa kwa brashi. Tengeneza povu zito lisilo na majimaji, paka utando mwembamba, usugue kwa kiganja mpaka upotee wote. Sabuni hiyo ina asidi za mafuta, na mara nyingi gliserini, hivyo inasafisha na kulainisha kwa mkupuo mmoja. Acha mkanda ulale usiku kucha. Ngozi yenye unyevu huvimba, makali huikwaruza kirahisi, na chuma nacho huingia kutu.

Mafuta yenyewe yawe hatua ya tatu. Kwa ngozi ya ng'ombe au farasi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, ambayo ndiyo mikanda mingi, chaguo la kuaminika ni mafuta yanayotokana na mifupa ya miguu ya ng'ombe. Kwenye chupa huandikwa neatsfoot. Soma lebo kwa makini, kwa sababu yako ya aina mbili: safi, na ya kuchanganywa, ambayo huwa na mafuta ya petroli ndani yake. Chukua safi. Huzama ndani ya nyuzi na kuzifanya zipinde bila kukatika, na hayaachi utando mzito juu yakitumiwa kwa kiasi. Yatatia ngozi weusi kidogo. Hilo halina madhara.

Kiasi ndipo wengi wanapoharibu. Mkanda wenye upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 45 unatosheka na matone 6 hadi 8, basi. Usimimine kwenye ngozi, maana tone linapoangukia hubaki doa linalonata kuliko sehemu nyingine. Weka matone mkononi, sugua viganja vyote viwili, halafu ndipo upitishe kwenye mkanda kutoka ncha hadi ncha. Utaona unakaribia kukauka kabla hujamaliza, na utatamani kuongeza. Usiongeze. Mafuta husambaa taratibu ndani ya ngozi, na sura halisi utaipata baada ya saa 24.

Lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, na malai (krimu ya kupaka ngozi) yenye shahamu ya ng'ombe huongeza mshiko zaidi. Yanamfaa mwenye mkanda unaoteleza mno, kwa kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa upande mzima. Malai yenye nta nyingi ya nyuki tungeyaacha kwa mabuti: nta hukaa juu, wembe unakwama na kuruka, na makali membamba hujikunja pale pale unapodhani unayanyoosha.

Mafuta ya kupikia yasikaribie mkanda. Ya zeituni huchacha na kunuka. Ya kitani ni mabaya zaidi, kwani hukauka yakawa gamba gumu. Mafuta ya mgando hubaki juu yakikusanya vumbi, na vumbi lenye mchanga ni msasa. Dawa ya viatu ina rangi na nta. Vipulizo vya silikoni huziba uso, na baada ya hapo hata mafuta mazuri hayapenyi.

Upande uliopakwa dawa ya kunolea, kama ile ya kijani ya oksidi ya kromi, hauguswi na mafuta wala povu. Na kiganja kilichoshika upande huo kisiende upande safi kabla ya kuoshwa. Mkanda wa kitambaa unaoambatana na ule wa ngozi nao haupakwi mafuta.

Kama umeshazidisha, funika mkanda kwa wanga mkavu wa mahindi uliochekechwa, juu yake karatasi isiyo na maandishi, kisha ubao wenye uzito. Baada ya siku moja pangusa kwa brashi laini, rudia kwa wanga mpya mpaka wanga usiwe unashikana mabonge. Usianike juani wala kupitisha pasi: joto huikakamaza na kuisinyaza ngozi.

Baada ya kupaka, kabla ya kunolea wembe unaoutumia, pitisha mgongo tu wa wembe mara 5, kisha ufute kwa karatasi laini nyeupe. Ikitoka na alama ya mafuta, utundike mkanda siku moja zaidi.