Jeti na vali ya nguvu kwenye kabureta ya Holley: anza na geji, bisibisi baadaye

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Denver aliniletea Camaro yake ya mwaka 1969, yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350 na kabureta ya Holley 4160, akilalamika kwamba inatoa moshi mweusi na kunuka petroli kila isimamapo kwenye taa za barabarani. Alikuwa ameshashusha jeti za mbele, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima petroli, kutoka namba 66 hadi 60. Moshi haukupungua, ila gari sasa lilikuwa linakohoa likipanda mlima. Mtu akiona moshi hukimbilia jeti, ilhali injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, jeti kuu karibu hazifanyi kazi yoyote. Ya kuchunguzwa kwanza ni vali ya nguvu, ile inayofunguka kuongeza petroli mvuto wa hewa ndani ya injini unaposhuka.

Hatua ya kwanza. Hakikisha taiming na plagi za cheche ziko sawa, hakuna hewa inayovuja chini ya kabureta, na kimo cha petroli kwenye bakuli la kabureta kinafikia ukingo wa chini wa tundu la kuchungulia.

Hatua ya pili. Unganisha geji ya mvuto wa hewa kwenye tundu linalopokea mvuto wa manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) moja kwa moja, wala si lile lililo juu ya kipepeo (kile kimlango cha hewa ndani ya kabureta), kwa kuwa hilo litakuonyesha karibu sifuri na kukupotosha. Injini ikishapata moto, weka kabari kwenye magurudumu, mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha utie gia ya D ikiwa gari ni otomatiki. Camaro ile ilisoma inchi 9 za zebaki, na mshale ulikuwa unatikisika kwa sababu ya kamshafti kali (ile shafti inayofungua vali za injini). Gawanya kwa mbili upate 4.5, nayo ndiyo vali yenye namba 45. Iliyokuwemo ilikuwa 65, yaani hufunguka mvuto ushukapo hadi inchi 6.5, hivyo kila mshale ulipodunda chini ilikuwa inamwaga petroli pasipohitajika. Kumbuka pia kwamba mvuto hupungua kwa takriban inchi 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Denver iko futi 5,280, kwa hiyo vali iliyofaa pwani inaweza kukusumbua huku.

Hatua ya tatu ni kubadilisha vali, na hapa niliwahi kupoteza Jumamosi nzima kwenye gari langu mwenyewe. Nilifunga vali tatu mpya, moja baada ya nyingine, na kila mara injini ikabaki na dalili zilezile, mpaka nikaamini nimeuziwa vali mbovu. Kosa lilikuwa gasketi. Vali zenye madirisha mapana hutumia gasketi ya duara iliyo laini upande wa ndani, ilhali zile zenye vitundu vidogo vilivyotobolewa hutumia gasketi yenye meno matatu kwa ndani. Zote mbili huweza kuwemo katika pakiti moja, zinafanana ukizitazama haraka, nami nilikuwa nimeweka yenye meno kwenye vali ya madirisha. Isipokaa sawasawa, mvuto hunyonya petroli pembeni ya vali, na dalili zake hazitofautiani na za vali iliyopasuka. Kwa hiyo zipange mezani kabla ya kufunga, futa mabaki ya gasketi ya zamani bila kukwaruza chuma, na kaza kwa kiasi tu.

Kisha jaribu: injini ikinguruma, kaza skrubu za mchanganyiko wa hewa na petroli taratibu hadi mwisho. Inapaswa kuzima; ikizima, zirudishe mzunguko mmoja na nusu. Isipozima, petroli inapita mahali pengine, mara nyingi kwenye vali iliyopasuka kiwambo (utando wake wa ndani) baada ya injini kurudisha moto kupitia kabureta. Hata hivyo, usiihukumu vali kabla hujahakikisha kwamba kipepeo hakijafunguliwa mno na skrubu inayopanga kasi ya injini isipokanyagwa, kwani hapo pia injini huendelea kuunguruma.

Wapo wanaoziba tundu la vali kwa kizibo na kuongeza jeti namba sita hadi kumi. Kwa gari la mashindano ya mwendo mfupi sina ugomvi nao. Kwa gari la kwendea dukani ni kuchoma petroli bure.

Hatua ya nne, jeti. Nyuma ya 4160 hakuna jeti bali bamba lenye vitundu, liache. Mbele, punguza namba moja kwa kila futi 2,000 za mwinuko. Kwa hiyo, tukihesabu kutoka 66 ya awali, tulitoa 60 tukaweka 64. Usitoboe jeti kwa keekee, nunua nyingine. Rangi ya plagi za cheche husaidia, lakini mimi naamini zaidi kipimo cha oksijeni kwenye eksozi: mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, tafuta uwiano wa sehemu 12.5 hadi 12.8 za hewa kwa moja ya petroli. Ukisharidhika, zirekebishe upya skrubu za mchanganyiko ukitazama geji, hadi mvuto ufike juu kabisa.