Jinsi ya kuigiza Bunge la Berlin la 1906 darasani Iringa

Somo la ukoloni kidato cha tatu huishia kwenye mapigano ya huku kwetu. Kwamba Wajerumani wenyewe walivunjiana Bunge kwa sababu ya vita ya Afrika, wengi hawasikii. Igizo hili linahitaji vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na wanafunzi 40.

Gawa viti kwa kufuata uchaguzi wa 1903, mwanafunzi mmoja kwa takriban wabunge kumi: Zentrum, chama cha Wakatoliki, 10; Wasoshalisti wa August Bebel 8; wahafidhina na waliberali wa upande wa serikali 18; Wapolandi na makundi madogo 3. Anayebaki ni Spika. Usiiongezee serikali watu ili pande zilingane, maana hesabu hii ndiyo inayoiangusha, 21 kwa 18.

Hoja ni moja: marki milioni 29 za nyongeza kwa vita ya Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo. Hapa darasa huteleza. Kwa kuwa Majimaji nayo ilipiganwa 1905–1907, wanafunzi hudhani ndiyo iliyovunja Bunge. Siyo. Majimaji ilizimwa zaidi kwa askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani; Namibia walipelekwa maelfu ya vijana wa Ujerumani, na misiba ikafika majumbani kwao. Kosa jingine, hili la Iringa hasa, ni kumtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kama yu hai. Kalenga, ngome yake, ilianguka 1894, naye akafa 1898. Nauli ikipatikana, wapeleke makumbusho ya Kalenga wiki moja kabla, kila mmoja arudi na tarehe tatu daftarini.

Kazi kubwa iko kwa wapinzani. Wakiachwa huru, wote 21 watahubiri haki za Waafrika, na igizo litakuwa la uongo. Wape karatasi tofauti. Zentrum hawakukataa makoloni. Walilalamikia fedha, wingi wa askari na maovu ya maofisa. Wasoshalisti ndio walioushambulia ukoloni wenyewe, ingawa hata wao Januari 1904, fedha za kwanza zilipoombwa, hawakupiga kura ya kupinga, walijizuia tu. Mwanafunzi akichanganya karatasi hizi, Spika amkatishe.

Dakika 45 za hoja, tatu kwa kila msemaji, kisha kura ya kunyoosha mikono. Serikali ikishindwa, Kansela Bülow, mkuu wa serikali (mchague kutoka wale 18, mwenye sauti) asome amri ya kuvunja Bunge, 13 Desemba 1906.

Usiwaruhusu kushangilia wakaondoka. Andika ubaoni matokeo ya uchaguzi wa Januari na Februari 1907: Wasoshalisti wameshuka kutoka viti 81 hadi 43, ilhali kura zao ziliongezeka, Zentrum wamepanda hadi 105. Dakika zilizobaki waeleze kwa maandishi, nusu ukurasa, kwa nini chama kipate kura zaidi na viti pungufu. Dokezo: duru ya pili ya uchaguzi, ambako vyama vingine viliungana dhidi ya Wasoshalisti.