Wakikwambia sheria ya SSI imebadilika, uliza: imebadilika wapi?

Tulifika Lexington, Kentucky, Septemba 2015, tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kaka yangu alishuka kwenye ndege kwa kiti cha magurudumu, na mwaka uliofuata akaanza kulipwa SSI, pesa ya kila mwezi ya serikali kwa walemavu na wazee wasio na kitu. Oktoba 2022 pesa haikuingia. Barua ya kutuonya ilikuwa imeshakuja. Tuliifungua, tukaona Kiingereza kingi, tukaiweka kwenye droo pamoja na nyingine. Alikaa miezi kumi na tisa bila senti ya SSI, na sheria iliyomkata ilikuwepo tangu miaka ya 1990. Mwaka ule haikubadilika hata neno. Ni yeye aliyekuwa ametimiza miaka yake saba, ambayo ndiyo mkimbizi anaruhusiwa kulipwa.

Tangu hapo watu wa kwetu huniletea barua zao. Wengine hunikuta baada ya ibada, wengine hupiga picha wakanitumia kwa simu, na karibu wote huanza hivi: "Dada, nasikia sheria imebadilika, wakimbizi tumekatwa." Mimi nauliza kwanza: mmekatwa nini? Hapa Marekani kila msaada una sheria yake. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iligusa fudi stampu (msaada wa chakula), na Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, kwa wakimbizi ambao bado hawana grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. SSI haikuguswa na sheria hiyo. Nimeona mama aliyeacha kuomba SSI kwa sababu ya maneno ya fudi stampu, na hilo linaniuma kuliko barua yoyote.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, tafuta kwenye barua jina la msaada. SSI ni ya mtu mwenye ulemavu, au aliyefika miaka 65, ambaye mapato na mali yake ni kidogo. Haidai uwe umefanya kazi Marekani. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka ya kutosha. Zote mbili ziko chini ya Social Security, ofisi ya serikali inayolipa pesa hizi, na swali la ulemavu wanaliuliza kwa namna moja, ila masharti ya pesa na ya uhamiaji yanatofautiana sana.

Ukishajua ni SSI, jiulize habari hiyo mpya inagusa nini: mwili wako, mfuko wako, au karatasi zako za uhamiaji. Mimi huandika hivyo kwa kalamu pembeni mwa barua: mwili, mfuko, karatasi. Bado sijapata barua isiyoingia katika mojawapo.

Tuanze na mwili. Msingi haujabadilika: ugonjwa au kilema kiwe kimedumu, au kinatarajiwa kudumu, miezi 12 au zaidi, au kiwe cha kuua, na kiwe kinakuzuia kufanya kazi ya maana. Kipimo cha kazi ya maana ni pesa, na hupanda karibu kila mwaka. Mwaka huu wa 2026 ni dola 1,690 kwa mwezi kwa asiye kipofu.

Kilichobadilika ni namna wanavyotazama kazi zako za zamani. Hadi katikati ya 2024 walirudi nyuma miaka 15. Fikiria mtu aliyefika 2012, akafanya kazi ya kukaa kiwandani miaka miwili, kisha akahamia ghala la mizigo mpaka mgongo ukaharibika. Waliweza kumwambia: ile kazi ya kukaa bado unaiweza, rudi huko. Tangu tarehe 22 Juni 2024 wanaangalia miaka 5 tu, na kazi uliyoianza ukaiacha kabla ya siku 30 kwisha haihesabiwi. Kama ulikataliwa kabla ya tarehe hiyo kwa sababu ya kazi ya zamani sana, ombi jipya lina maana. Lakini ujue bado watauliza kama kuna kazi nyingine yoyote unayoiweza, kwa umri wako na elimu yako.

Miaka ikipungua, zile kazi chache zinazobaki zinabeba uzito wote. Kwa hiyo zieleze. Mwezi wa tatu nilikaa na mama mmoja jikoni kwake tukijaza ripoti ya kazi, fomu SSA-3369. Alikuwa amefanya kazi hotelini, na alitaka tuandike "kusafisha vyumba", basi. Nikamwambia, "Mama, atakayesoma hii hajawahi kukuona ukiinua godoro." Akasimama, akashika kona ya kochi, akanionyesha: goti la kushoto linaenda chini, mkono mmoja unanyanyua, mwingine unachomeka shuka. Kona nne kila kitanda, vyumba kumi na sita kwa zamu. Nikamuuliza mfuko wa shuka chafu ulikuwa na uzito gani. "Mzito, mwanangu." Tukachukua mfuko wa nguo, tukaujaza kama alivyokumbuka, nikapanda nao mimi kwenye mzani wa bafuni kwa kuwa mgongo wake haumruhusu, tukatoa uzito wangu. Pauni 31. Hiyo ndiyo namba tuliyoandika, pamoja na saa za kusimama, saa za kuinama, na mara ngapi kwa siku. Wewe pia fanya hivyo. Neno "mzito" halimsaidii anayepima.

Jambo la pili la mwili linahusu lugha. Zamani kutojua Kiingereza kulihesabiwa kama upungufu wa elimu, na kuliwasaidia baadhi ya watu wa makamo. Kuanzia tarehe 27 Aprili 2020 hakuhesabiwi tena. Kinachohesabiwa ni kama unaweza kusoma na kuandika ujumbe mfupi katika lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, Kibembe kikiwemo. Hapa wazee wetu wanajiumiza kwa aibu. Mtu hakukanyaga darasa, vita vilimkuta mtoto, lakini akiulizwa mbele ya watoto wake anasema amefika la sita. Anaandikwa la sita. Mzee wangu, mama yangu, kama unachojua ni kuchora jina lako tu, sema hivyo hivyo. Hakuna kosa lako ndani yake, na jibu hilo linaweza kubadilisha uamuzi.

Mfuko nitaupitia haraka. Mali isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa mume na mke. Kiwango hicho hakijasogea tangu 1989, na naona ni kidogo mno, lakini ndicho kilichopo. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Malipo kamili ya serikali kuu mwaka 2026 ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mabadiliko mazuri yalianza tarehe 30 Septemba 2024: chakula unachopewa na ndugu hakihesabiwi tena kama mapato yako. Kwa sisi tunaokula sahani moja, hilo ni kubwa. Makazi bado yanahesabiwa. Ukikaa kwa mwanao bila kuchangia pango, malipo yanaweza kupunguzwa mpaka theluthi moja. Basi changia sehemu yako, iandikeni, na risiti mziweke.

Sasa karatasi, penye kidonda chetu. Mkimbizi anaweza kulipwa SSI kwa miaka 7, kuanzia tarehe aliyoingia Marekani akiwa mkimbizi. Wengi wanadhani miaka inaanza siku ulipolipwa mara ya kwanza, sivyo. Ikiisha, pesa inasimama hata kama ulemavu uko pale pale. Kinachoondoa ukomo huo kwa wengi wetu ni uraia (mwenye grini kadi na historia ndefu ya kazi naye ana njia yake, lakini kwa mlemavu aliyefika hawezi kufanya kazi ni vigumu).

Hesabu iko hivi. Baada ya mwaka mmoja unaomba grini kadi, na kwa mkimbizi tarehe ya ukaazi inarudishwa hadi siku ya kuingia. Kwa hiyo miaka 5 baada ya kufika unaweza kuomba uraia. Tano kutoa kwenye saba, unabaki na miwili ya kungoja majibu, alama za vidole, mahojiano na kiapo. Ukichelewa grini kadi, unakula ile miwili. Sisi tuliila yote. Chukua I-94, ile karatasi ya kuingia nchini, tazama tarehe ya kuingia, andika ukutani tarehe mbili: ya mwaka wa tano na ya mwaka wa saba.

Na kama mgonjwa hawezi kujifunza Kiingereza wala historia ya Marekani kwa sababu ya maradhi, kuna fomu N-648 ya kuomba asamehewe mtihani huo wa uraia, inayojazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba. Daktari aeleze ni kwa vipi ugonjwa huo unamzuia mtu kujifunza. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Uzee peke yake pia hautoshi. Kaka yangu alikula kiapo mwaka 2024, ndipo tukaomba SSI upya.

Barua ikifika, usianze na maneno. Anza na tarehe iliyo juu. Ofisi inachukulia umeipata siku 5 baada ya hiyo tarehe, na kutoka hapo una siku 60 za kukata rufaa. Lakini kama tayari unalipwa na wanataka kusimamisha au kupunguza, rufaa ndani ya siku 10 inaweza kukuwezesha kuendelea kulipwa mpaka uamuzi wa kwanza utoke, ila ukishindwa wanaweza kukudai. Bahasha itunze. Ukipeleka kitu ofisini, omba risiti yenye muhuri. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo, yaani pesa za nyuma unazodai, na kwa utaratibu wa kawaida kuna kikomo (mwishoni mwa 2024 kiliwekwa dola 9,200). Anayekuomba mamia ya dola mezani, kabla ya lolote, muulize kwanza kama Social Security imemruhusu.

Simu yao ni 1-800-772-1213. Mtu akipokea sema neno moja, "Swahili", ukae kwenye laini. Mkalimani ni bure, kwa simu na ofisini. Usimwachishe mtoto masomo aje akufasirie. Ana miaka kumi na moja, hajui kusema "malimbikizo" kwa Kiingereza, na hapaswi kuwa yeye wa kumwambia mtu mgeni kwamba mama yake hawezi kujiogesha.