Namna ya Kuchagua na Kufunga Kiungo cha Kusambaza Uzito kwa Trela la Safari

Hamali wa soko la Marikiti, Mombasa, haanzi kuvuta mkokoteni wake kabla ya kuinua mikono yake na kupima kwa viganja jinsi mzigo ulivyokaa. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono humnyanyukia na mkokoteni humpeleka utakako wenyewe. Yakirundikwa mbele kupita kiasi, mikono humlemea na mgongo humuuma kabla hajafika Makadara. Trela la safari ni mkokoteni huohuo, ila mahali pa hamali pamesimama gari, na uzito ambao yeye angeuhisi viganjani hukaa nyuma ya gari bila dereva kuuhisi hata kidogo. Kiungo cha kusambaza uzito kimetengenezwa kwa ajili ya uzito huo.

Tuchukue mfano. Trela lenye kilo 1,500 limepakiwa vizuri, na shingo yake, yaani chuma cha mbele kinachounganishwa na gari, inaligandamiza tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari kwa kilo 180. Gari linalolivuta ni Prado ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.79, na tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 180 kwa 1.2, kisha gawanya kwa 2.79, utapata kilo 77 hivi. Hizo ni kilo ambazo magurudumu ya mbele yamepokonywa, na ekseli ya nyuma haikuongezewa 180 peke yake bali 257, kwa sababu imebeba shingo ya trela pamoja na kile kilichonyanyuliwa mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, gari huchelewa kutii kwenye kona, na usiku taa huangaza matawi ya miti badala ya barabara.

Kiungo chenyewe kina kichwa cha chuma kinachoshika tufe, na chini ya kichwa hicho hutoka vyuma viwili virefu vya springi vinavyopita chini ya shingo ya trela. Ncha za vyuma hivyo huinuliwa na kufungwa kwenye fremu ya trela kwa minyororo au kwa mabano. Vinapopinda kwa kuinuliwa, hulisukuma gari kama mtu anayeinua mikono ya toroli: mzigo husogea kuelekea gurudumu la mbele. Sehemu ya uzito hurudi kwenye ekseli ya mbele ya gari, na sehemu nyingine huenda kwenye ekseli za trela.

Ni lazima niseme mapema jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Kifaa hiki hakiongezi hata kilo moja kwenye kiwango ambacho mtengenezaji wa gari ameruhusu kuvutwa, wala hakitibu trela lililopakiwa vibaya. Nililitambua hili kwa hofu kubwa kati ya Taru na Maungu, siku ambayo tangi la maji na mahema yote yalikuwa yamewekwa nyuma ya ekseli ya trela. Springi zilikuwa zimekazwa barabara. Lori lilipotupita, trela lilianza kuyumba kushoto na kulia, na kila mkupuo ulikuwa mpana kuliko uliotangulia, mpaka nilipoondoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani bila kuupindua na kuacha mwendo ushuke wenyewe. Tulisimama kando, tukahamisha maji na mahema mbele ya ekseli, na safari iliyobaki mpaka Voi trela lilitufuata kwa utulivu. Springi hazikuguswa. Kilichobadilika kilikuwa mzigo tu.

Kwa hiyo kazi huanza na kupima, si kununua. Uzito wa shingo unafaa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa kwa safari, pamoja na maji, gesi na chakula. Kwa trela la kilo 1,500 hiyo ni kati ya kilo 150 na 225. Uzito wote utaupata kwenye mizani ya kupimia malori. Uzito wa shingo unaweza kuupima nyumbani kwa mzani wa kawaida wa kupimia watu na kipande cha boriti, ingawa mzani huo peke yake usingeustahimili. Weka tofali upande mmoja na mzani upande wa pili, vyote viwe na kimo sawa, kisha laza boriti juu yake. Shingo ya trela ikae juu ya boriti mahali palipo sentimita 30 kutoka kwenye tofali na sentimita 60 kutoka kwenye mzani. Mzani utasoma theluthi moja ya uzito, basi zidisha kwa tatu. Ukisoma 60, shingo ina kilo 180. Kumbuka kuondoa kwanza kile ambacho boriti yenyewe inauongezea mzani, kutia kabari kwenye magurudumu ya trela, na kuhakikisha kwamba trela limekaa tambarare kama litakavyokuwa barabarani.

Sasa unaweza kuchagua springi. Chukua uzito wa shingo, kisha ongeza uzito wa vitu vyote vitakavyokaa ndani ya gari nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa navyo hulinyanyua gari mbele kwa njia ileile. Shingo ya kilo 180 na mizigo ya kilo 60 kwenye buti hufanya 240, na springi zinazofaa ni zile zilizoandikwa kiwango kilicho juu kidogo ya hapo, kwa mfano kilo 270. Wapo wanaonunua za kilo 450 kwa kudhani kwamba nguvu nyingi ni usalama mwingi. Mimi nalipinga hilo kabisa, kwa maana springi ngumu kupita mahitaji haipindi vya kutosha, na kila shimo na kila tuta hupiga moja kwa moja kwenye fremu ya trela na kwenye chasi ya gari.

Jambo la pili ni chuma cha kuvutia kilichofungwa kwenye gari. Vingi tunavyoviona hapa Mombasa vina tufe lililofungwa kwa bolti mbili kwenye bamba, na vingine vimechomelewa na mafundi wa mtaani kwa ustadi unaotosha kuvuta trela dogo la mizigo. Kiungo cha kusambaza uzito kinahitaji tundu la mraba, na hakivuti tu bali hukizungusha chuma hicho kwa nguvu, kana kwamba kinataka kukibandua. Kama hakina kibati kinachoonyesha kwamba kimeruhusiwa kwa kazi hiyo, usikitumie, hata ukiambiwa kwamba uchomeleaji wake ni imara. Fungua pia kitabu cha gari, kwani wapo watengenezaji wanaokitaka kiungo hiki kuanzia uzito fulani, na wapo wanaokikataza.

Ukubwa wa tufe nao unahitaji jicho. Matrela yaliyotoka Afrika Kusini na Ulaya hutumia tufe la milimita 50, ilhali vifaa vya Marekani huja na tufe la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, au la inchi 2 na 5/16, ambalo hukaribia milimita 59. Tofauti ya milimita 0.8 huonekana kuwa si kitu, lakini mdomo wa trela, yaani ile sehemu ya shingo inayolifunika tufe, uliotengenezwa kwa milimita 50 unaweza kukwama au usifunge kikamilifu juu ya tufe la inchi 2. Nunua tufe linalolingana na mdomo wa trela lako, lenye kiwango cha uzito kilichoandikwa juu yake.

Halafu kuna breki za trela. Matrela mengi ya huku yana breki za kusukumana: gari linapopunguza mwendo, trela hulisukuma, mdomo wake huteleza kurudi nyuma kidogo, na mtelezo huo ndio unaovuta breki. Vyuma vya springi vilivyokazwa, hasa vya aina inayoshikwa na mabano yenye msuguano, vinaweza kuuzuia mdomo usiteleze, na trela likabaki bila breki za maana. Usinunue mpaka mtengenezaji wa kiungo awe ameandika waziwazi kwamba kinafaa kwa breki za aina hiyo. Trela lenye breki za umeme halina tatizo hili.

Kufunga kwahitaji mahali tambarare, futi kamba, chaki na subira ya asubuhi nzima. Gari liwe na mafuta, mizigo yake na, ikiwezekana, watu wake. Tairi zote ziwe na upepo unaotakiwa. Pima kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu ya katikati ya gurudumu, na uandike. Lisimamishe trela kivyake likiwa tambarare, pima kimo cha mdomo wake, kisha ufunge kichwa cha kiungo ili tufe liwe juu kidogo kuliko kimo hicho, kwa sababu gari litashuka likipokea mzigo. Unganisha trela bila springi, funga kitasa cha mdomo, na upime madigadi mara ya pili. Mwisho tia springi, kaza, sogeza gari mbele hatua chache ili kila kitu kikae mahali pake, na upime mara ya tatu.

Siku niliyofunga kiungo changu, kimo cha kwanza kilikuwa sentimita 86.0. Trela lilipokaa juu ya tufe, mbele ya gari ilipanda hadi 88.4. Tulipofunga springi kwenye pete ya sita ya mnyororo tulipata 87.8, kidogo mno. Tulipopanda pete moja tulipata 87.0, yaani zaidi ya nusu ya kilichopotea kilikuwa kimerudi, na kitabu cha gari kilitaka angalau nusu. Tuliacha hapo. Watengenezaji wengine hutaka kimo kirudi chote, na hao wafuatwe, lakini mbele isishuke kamwe chini ya kipimo cha kwanza. Hapo utakuwa umeipunguzia ekseli ya nyuma uzito inaouhitaji, na gari linaweza kuserereka nyuma kwenye kona yenye maji.

Ikiwa pete hazitoshi kuleta kipimo, badilisha mwinamo wa kichwa kwa kuongeza au kupunguza washa, vile vibati vya duara vinavyotiwa kwenye bolti. Kichwa kikiinamia nyuma zaidi, springi hukaza zaidi kwa pete zilezile. Acha idadi ya pete ambayo mtengenezaji ameagiza, ili mnyororo uwe na nafasi gari linapokata kona kali. Wala usipambane na springi kwa nguvu za mikono: mdomo ukishafungwa juu ya tufe, inua shingo kwa jeki ya trela, nyuma ya gari ipande pamoja nayo, na springi zitaingia kwa urahisi. Simama kando ya mkono wa chuma wa kukazia springi, kwa sababu ukiponyoka hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja mkono wa mtu. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mdomo kama herufi X.

Anayekwenda Diani kwa feri ya Likoni anapaswa kufikiri zaidi. Gari likishuka mteremko wa gati na kuanza kupanda mlango wa feri, gari na trela hufanya bonde, kiungo kikiwa chini kabisa, na springi hupindwa kuliko zilivyokusudiwa. Nimeona bano lililokunjika hivyo. Legeza springi kabla ya kushuka, vuka polepole, kisha uzikaze tena upande wa pili mahali tambarare. La sivyo, pita barabara ya Dongo Kundu. Ukielekea Voi, simama Samburu ukaze bolti zote upya kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani chuma kipya hulegea katika kilomita 100 za mwanzo. Paka tufe grisi pamoja na matundu ya springi, lakini usipake sehemu yoyote inayofanya kazi kwa msuguano. Chumvi ya pwani hula nyuzi za bolti upesi, basi osha kiungo kwa maji matamu kila urudipo kutoka ufuoni.

Ukifika, mpangilio hugeuzwa: kabari kwanza, kisha jeki ya shingo iinuliwe mdomo ukiwa bado umefungwa, springi zitolewe zikiwa zimelegea, na kitasa cha mdomo kifunguliwe mwisho.