Somo: Kuuponya moyo baada ya kuachana na mwenza anayejiabudu

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataja dalili 9 za hitilafu ya haiba ya kujiabudu, yaani kujiona bora kupita wote na kutojali hisia za wengine, na mtu huhesabiwa kuwa nayo akionyesha zisizopungua 5. Kazi ya kumpima tuwaachie wataalamu. Wewe shughulika na yale aliyokutendea.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Aliyeambiwa kila siku kwamba hakusikia vizuri au anazua mambo hufika mahali akaacha kuiamini kumbukumbu yake mwenyewe. Chukua daftari, uandike tukio, siku na maneno yaliyotamkwa: "Alinitukana mbele ya wageni, asubuhi akakana, kisha akataka nimwombe radhi." Usipambe wala usimtetee. Hilo ndilo utakalosoma usiku hamu ya kumpigia simu itakapokushika.

Hatua ya pili ni kukata mawasiliano, na hapa ndipo wengi hukwama. Zuia namba yake, acha kuchungulia "status" zake, na uwaombe jamaa wasikuletee habari zake. Ugumu unatokana na jinsi wema wake ulivyokuja bila kutabirika, leo matusi, kesho zawadi, kwani binadamu hung'ang'ania zaidi malipo ya kubahatisha kuliko yale ya kila siku. Kwa hiyo akikutumia shilingi elfu ishirini na ujumbe wa "ya mboga, mama", na moyo ukakulipuka, tambua kwamba hayo ni mazoea yanayokuvuta, wala si ushahidi kwamba amebadilika.

Hatua ya tatu, warudie watu aliokutenga nao, hata kwa salamu fupi. Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, mwone mshauri nasaha. Ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tuna watoto. Nitakataje mawasiliano?

Jibu: Dada yangu, yapunguze. Zungumzia ada, homa na siku ya kuwachukua watoto tu, kwa maandishi mafupi. Akikuchokoza usijitetee, maana hasira yako ndiyo anayoitafuta.

Swali: Wazee wananiambia nivumilie kwa kuwa hajawahi kunipiga.

Jibu: Wasikilize kwa heshima, lakini madhara hayahitaji kofi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inautaja pia ukatili wa kihisia. Kama anakutisha, usimtangazie kwamba unaondoka. Tafuta kwanza pa kufikia na uhifadhi vyeti vyako. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea malalamiko ya ukatili kama huo.

Swali: Mimi ni mwanamume, naona aibu kusema kwamba mke wangu ndiye aliyenivunja.

Jibu: Kaka, aibu hiyo ndiyo iliyokufanya ukae kimya muda wote huo. Mchague mtu mmoja anayejua kutunza siri, umsomee ukurasa mmoja tu wa daftari lako, kisha muende pamoja kwa mshauri.