Moto umevuka mpaka na kuunguza mikorosho ya jirani: namna ya kumaliza shauri kijijini

Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ikifika kiangazi, kila mtu yuko shambani anafagia chini ya mikorosho ili korosho zikianza kudondoka ziokotwe kwa urahisi. Majani yanakusanywa, yanachomwa. Upepo ukibadilika kidogo, moto uko kwa jirani. Mimi ni msaidizi wa kisheria vijijini Tandahimba, na mashauri haya nayapokea kila msimu. Mengi yanaharibika kwa sababu moja: watu wanataja fedha siku ile ile moto ulipozimwa, wakati hakuna hata mmoja anayejua hasara ni kiasi gani. Mwenye shamba anataja milioni kwa uchungu, aliyechoma anakataa kwa hofu, na kuanzia hapo hawasalimiani tena. Fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Aliyechoma aende mwenyewe, siku hiyo hiyo

Usitume mtoto, usisubiri kuitwa na mtendaji. Nenda na mtu mzima mmoja wa upande wako, ikiwezekana mjomba wako, kwa sababu huku kwetu neno la mjomba lina uzito kuliko maneno yako kumi. Sema kwa ufupi: "Shikamoo mzee. Moto uliotoka kwangu umefika kwako. Nimekuja kukupa pole, na nakuomba kesho tuhesabu miti pamoja." Basi. Usieleze habari za upepo, usiseme "ilikuwa bahati mbaya" kabla hajamaliza kuongea. Na usiahidi fedha.

Wewe uliyeunguziwa, pokea pole. Kupokea pole si kusamehe deni, na hakuna baraza litakalokunyima haki yako kwa sababu ulimkaribisha jirani kwenye mkeka.

Hatua ya 2: Hesabuni miti, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo

Fanyeni ndani ya siku mbili tatu, kabla majivu hayajapeperuka na kabla mtu hajakata kuni. Nendeni na mwenyekiti wa kitongoji, shahidi mmoja wa kila upande, na afisa ugani kama anapatikana. Pigeni picha kwa simu, mkianzia pale moto ulipoanzia mpaka ulipoishia.

Hapa msiwe na haraka. Mkorosho ulioungua unadanganya macho. Upo ambao majani yote yamekauka na kuwa ya kahawia, ukadhani umekufa, kumbe ni joto tu limepita juu. Mwingine majani yake mengi bado ya kijani, lakini moto wa majani makavu ulikaa shinani muda mrefu na gome limeiva pande zote. Huo utakauka polepole. Chukua kisu, kwangua gome kidogo chini kwenye shina, sehemu nne kuzunguka mti, kisha fanya hivyo kwenye matawi mawili matatu. Ukiona kijani chenye unyevu chini ya gome, hapo pana uhai. Ukiona kahawia kavu, hapo pamekufa. Kahawia ikizunguka shina lote, usiutegemee mti huo.

Gaweni miti katika mafungu matatu: iliyobabuka majani, ya mashaka, na iliyoungua shina. Kila mti upigwe alama ya rangi na kuandikwa namba kwenye daftari. Wote waliokuwepo watie sahihi chini ya ukurasa, asiyeandika aweke dole gumba. Daftari hilo ndilo shauri lenu lote. Nimeona watu waliotukanana hadharani wakakubaliana vizuri baadaye, kwa sababu idadi ya miti haikuwa na ubishi.

Hatua ya 3: Nani mwenye mti, nani mwenye korosho

Watu wanaruka hatua hii, kisha analipwa mtu asiyestahili. Huku mikorosho hukodishwa kwa msimu: mwenye shamba ana shida ya ada au ya matibabu, anachukua fedha, na aliyekodi ndiye anayepalilia, anayepuliza dawa ya salfa na atakayeokota. Shamba la namna hiyo likiungua, mazao ya msimu huu ni ya aliyekodi, miti ni ya mwenye shamba. Aliyechoma ana watu wawili wa kuzungumza nao, na wote waitwe.

Kuna pia mikorosho ya ukoo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa mama, na anayeokota korosho si lazima awe ndiye mwenye kauli juu ya mti. Mwulizeni mjomba au mkubwa wa ukoo mapema, asije akaibuka baada ya fedha kulipwa na kusema hakushirikishwa.

Hatua ya 4: Hasara ya msimu huu andikeni kwa kilo, msiandike shilingi

Korosho zetu zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, na bei hubadilika kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Ukiandika shilingi mwezi wa nane, mmoja wenu ataona amepunjwa mwezi wa kumi na moja. Chukueni stakabadhi za chama za misimu mitatu iliyopita, mpate wastani. Tuseme shamba lina miti 60 na wastani wake ni kilo 600. Kila mti kilo 10. Kama miti iliyopoteza maua na korosho changa ni 14, deni ni kilo 140. Mkubaliane kwamba zitalipwa kwa bei aliyolipwa mkulima katika minada ya chama chenu msimu huo, baada ya makato. Mpunguze pia kwenye deni gharama ya kuokota, maana mwenye shamba hakumlipa mwokotaji kwa korosho ambazo hazikudondoka. Gharama ya palizi na salfa msiipunguze, hiyo alishaitumia.

Malipo yapangwe kufuata fedha za mnada za aliyechoma. Kumdai mkulima fedha taslimu mwezi wa tisa ni kumsukuma kwenye kangomba, auze korosho zake kwa bei ya kutupa hata kabla hajaziokota. Atakosa yeye, na wewe utalipwa kidogo.

Hatua ya 5: Fidia ya miti isubiri mvua

Mvua zikishakolea, mwishoni mwa Januari hivi, rudini shambani na daftari lile lile, watu wale wale. Mti uliochipua matawini haudaiwi zaidi ya mazao. Mti uliokufa juu lakini umechipua kwenye kisiki unaweza kubebeshwa, yaani kuunganishiwa kijiti cha mkorosho mzuri. Aliyechoma agharamie mbebeshaji na vikonyo, yaani vijiti hivyo. Mti uliokufa kabisa ulipwe kwa mche uliobebeshwa, kupandwa na kutunzwa, pamoja na fidia ya mazao ya miaka ambayo mche bado haujafikia uzaaji wa mti wa zamani. Miaka hiyo mngoje afisa ugani aseme, msikisie. Mashamba yaliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huwa na kama miti 28 kwa ekari, kwa hiyo miti sita iliyokufa si jambo dogo.

Hatua ya 6: Hati

Iwe na majina, tarehe, eneo la shamba na mipaka yake, namba za miti, kilo zilizokubaliwa, tarehe ya kukagua tena, na tarehe za malipo. Nakala tatu: moja kwa kila upande, moja kwa mtendaji wa kijiji. Malipo yapite kwenye simu ili yabaki kwenye kumbukumbu, au yasainiwe mbele ya shahidi.

Ikishindikana

Msikimbilie polisi kutishana. Kosa la kuchoma mali linahitaji makusudi, na moto ulioponyoka si makusudi. Lakini aliyechoma naye asijione yuko salama: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka anayechoma apate kibali na kuwaarifu majirani kwanza, na kama hukufanya hivyo, hoja yako ni dhaifu popote utakapokwenda.

Nendeni kwenye baraza la kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Wakikwama hapo, kuna Mahakama ya Mwanzo. Peleka daftari la miti, picha, stakabadhi za chama na hati yoyote mliyoandika, hata ile ambayo mwenzako aligoma kuisaini. Ukihitaji mtu wa kukuandalia maelezo, mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo ni bure, na anayekuomba hela ya fomu usimpe.