Kisu cha kuagiza kwa fundi: kijaribu kabla ya kumaliza kulipa

Ukiagiza kisu kwa mafundi wa jua kali, iwe Kibuye pale Kisumu au kwingineko, bakiza sehemu ya pesa mpaka siku ya kukijaribu. Siku hiyo nenda na ubao wako, karoti nene, nyanya iliyoiva na fungu la sukuma wiki.

Anza na mkono. Bana ubapa kwa kidole gumba na cha shahada pale unapokutana na mpini, vidole vingine vitatu viushike mpini. Kisu kisilemee mbele wala nyuma. Ubapa wa sentimita 20 hadi 22 wenye gramu 150 hadi 220 hauchoshi. Mgongo ukiwa na kingo kali, kidole kitatoka lengelenge kabla hujamaliza kilo tano za vitunguu. Mwambie fundi aupige msasa palepale. Kisha shusha makali ubaoni. Vifundo vya vidole vikigonga ubao, ubapa ni mfupi kwa kimo, sentimita 4.5 hadi 5 upande wa mpini hutosha mikono mingi.

Sasa karoti. Hapa ndipo visu vingi vya springi ya lori huanguka. Springi ni chuma kizuri sana, ila huja nene, na fundi mwenye haraka hutia makali tu, akaacha ubapa kama kabari. Kata taratibu, usikilize. Karoti ikilia “ka!” na kupasuka kabla makali hayajafika chini, kukinoa zaidi hakusaidii: ubapa wenyewe upunguzwe. Milimita moja juu ya makali, unene usizidi nusu milimita. Mgongo penye mpini uwe milimita 2 hadi 3, ukipungua kuelekea nchani. Nyanya nayo ikatike ganda kwa kuvuta tu, bila kukandamiza. Sukuma ikitoka nyuzi zimeshikana kama mkufu, makali yamepinda mahali na hayagusi ubao.

Pitisha tupa polepole kwenye makali, karibu na mpini. Ikiteleza au ikikwaruza kidogo, sawa. Ikila chuma kirahisi, kisu hakikuzimwa vizuri kwenye mafuta, yaani hakikutumbukizwa humo kikiwa chekundu kwa moto ili kiwe kigumu. Doa la buluu karibu na makali limetokana na joto la mashine ya kusaga. Chuma kimelegea hapo, hakitashika makali. Usikubali kuambiwa ni pambo.

Kwenye maungio ya mpini pitisha ukucha. Ukinasa, maji ya samaki yataingia, na kutu itakula chuma kwa ndani.

Makali ya digrii 15 kila upande yanafaa minofu ya ngege (tilapia) na mboga, lakini yatamegeka kwenye mifupa ya mbuta (sangara). Hiyo iachie panga dogo. Na springi hushika kutu: ioshe, ikaushe, ipake mafuta kidogo ya kupikia. Kama vyombo vyako hulala kwenye beseni mpaka asubuhi, agiza chuma kisichoshika kutu.